Nyumba za Sadaka: Somo la Historia na Ujenzi kwa Ajili ya Wazee Wetu



Somo la toleo hili ni la majengo. Huenda mtu akauliza, majengo yana nini na gazeti la parishi? Jibu ni kwamba nyumba husema. Ukiingia katika nyumba aliyopewa mjane, ukatazama mlango wake, dirisha lake, mahali pake pa kupikia na njia ya kwenda kwa jirani, utajua bila kuambiwa ya kuwa aliyeijenga alimhesabu mjane yule kuwa nani. Sadaka ya fedha huonekana siku moja tu. Sadaka ya nyumba hukaa miaka mingi, na kosa lililojengwa ndani yake hukaa nayo.

Basi tutazame mahali pawili palipojengwa nyumba za namna hiyo, pamoja kwetu pwani na pamoja Uingereza, kisha turudi hapa Nzega tuulize tumejifunza nini.

1. MAANA YA NYUMBA YA SADAKA

Nyumba ya sadaka ni makao yaliyojengwa na mtu au na kanisa ili wakae watu wasio na uwezo, hasa wazee, bila kulipa kodi au kwa kulipa kidogo sana. Haikusudiwi kwa wagonjwa wa kulazwa, wala si mahali pa kulala wapita njia kwa usiku mmoja. Mtu huingia humo na kukaa kama kwake mpaka afe.

Jambo hili ni la zamani kuliko majengo yenyewe. Katika Matendo ya Mitume, sura ya 6, tunasoma jinsi wajane wa Kiyunani walivyosahauliwa katika huduma ya kila siku, na jinsi watu saba walivyochaguliwa kusimamia kazi hiyo. Katika Waraka wa Kwanza kwa Timotheo, sura ya 5, limetajwa daftari la wajane, na umri wa kuandikwa humo ni miaka 60. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 nayo inamhesabu mtu kuwa mzee kuanzia miaka 60. Kwa hiyo swali la nani atamtunza mzee asiye na mtu lilikuwapo tangu kanisa lilipoanza.

2. MBWENI, UNGUJA

Tuanze na mahali palipo karibu nasi katika historia ya Kanisa Anglikana. Misheni ya Vyuo Vikuu, iliyojulikana kwa herufi UMCA, ilihamia Unguja mwaka 1864 chini ya Askofu William Tozer. Wanafunzi wake wa kwanza walikuwa wavulana watano waliotolewa utumwani. Mmoja wao, John Swedi, alipewa ushemasi mwaka 1879.

Watoto walipozidi, na watu wazima pia walipoanza kuletwa baada ya kuokolewa katika majahazi yaliyokamatwa baharini, Misheni ilikuta tatizo jipya. Mtoto unaweza kumweka bwenini. Lakini mtu mzima, mwenye mke au mjane, aliyepoteza kabila lake na shamba lake, utamweka wapi? Mwaka 1871 Askofu Tozer alinunua shamba la Mbweni, kusini mwa mji, karibu na pwani. Mwaka 1873 Sultani Barghash alitia sahihi mkataba wa kufunga soko la watumwa, na tangu mwaka 1874 Mbweni ikawa kijiji cha watu waliowekwa huru.

Angalieni mpango wake. Watu hawakujengewa bweni moja kubwa. Kila jamaa ilipewa nyumba yake ndogo na kipande chake cha shamba. Mtu ambaye jana yake alihesabiwa pamoja na mizigo, leo alikuwa na mlango wa kufunga na kufungua mwenyewe. Karibu na pwani ilikuwapo shule ya wasichana ya Mt. Maria, iliyojengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, ambayo magofu yake yapo hata sasa. Kanisa la Mt. Yohana, lenye mnara wake, lilijengwa katika miaka ya 1880, na bado linasimama. Makao, shamba, shule na kanisa vilikuwa umbali wa kutembea kwa miguu, hata kwa mtu mwenye mkongojo.

Tena Mbweni haikuwa mahali pa kufungiwa watu. Mwaka 1876 kundi la wakazi wake lilisafiri pamoja na Askofu Edward Steere kurudi bara upande wa kusini, nao wakaanzisha kijiji cha Kikristo cha Masasi. Nyumba njema ya sadaka ina mlango wa kuingilia na wa kutokea pia. Wenzao wa misheni ya CMS walifanya kazi kama hiyo Frere Town, Mombasa, tangu mwaka 1875, na kengele ya kijiji kile imeliachia jina lake eneo la Kengeleni.

Yuko mwanamke mmoja ambaye maisha yake yanaeleza Mbweni vizuri kuliko ramani. Caroline Thackeray alifika mwaka 1877, akaongoza shule ya wasichana mpaka mwaka 1902. Alipostaafu hakurudi kwao Uingereza. Alizeeka palepale Mbweni kati ya wale aliowafundisha na watoto wao, akafa mwaka 1926, na kaburi lake liko hapo. Sisi walimu wastaafu tunaelewa maana yake. Mzee hahitaji paa tu. Anahitaji kukaa mahali ambapo mtu akipita atamwita kwa jina.

3. ST CROSS, WINCHESTER

Sasa twende Uingereza, maana huko nyumba za sadaka zilianza mapema, na baadhi yake zimedumu hata tunaweza kuona kwa macho lililofaa na lililoshindikana. Katika mji wa Winchester, kusini mwa nchi ile, iko Hospitali ya Msalaba Mtakatifu, yaani St Cross. Neno hospitali zamani lilikuwa na maana ya nyumba ya kukaribisha wageni na maskini, si ya madaktari. Ilianzishwa na Askofu Henry wa Blois kati ya mwaka 1132 na 1136. Huyu alikuwa mjukuu wa Mfalme William aliyeiteka Uingereza mwaka 1066. Aliweka kanuni kwamba watunzwe humo maskini 13 walioishiwa nguvu, na kwamba watu 100 wengine wapewe chakula kila siku.

Yapata mwaka 1445 Kardinali Henry Beaufort aliongeza watu wa namna nyingine, wale waliokuwa na mali zamani wakafilisika uzeeni. Wazee wa Askofu Henry huvaa majoho meusi, na wa Kardinali Beaufort majoho mekundu. Wote huitwa ndugu. Mpaka leo wako wazee wanaoishi humo, na mpita njia akifika langoni na kuomba, hupewa kipande cha mkate na kikombe kidogo cha bia, kama ilivyokuwa desturi ya kale.

Ramani ya jengo ni hii. Kwanza kuna lango lenye mnara. Ukipita langoni unaingia katika ua mpana wa majani. Upande mmoja liko kanisa kubwa la mawe. Karibu na lango uko ukumbi ambao ndugu walikuwa wakila pamoja. Na upande unaobaki imepangwa safu ndefu ya nyumba za ndugu, zote zikitazama uani. Kila mzee ana sebule yake, chumba chake cha kulala, na kijichumba cha vyombo. Hakuna anayepita chumbani kwa mwenzake ili afike kwake. Lakini akifungua mlango, mbele yake uko ua, na katika ua wako wenzake.

Msomaji wa huku kwetu asiione ramani hiyo kuwa ngeni. Aliyefika Kwihara, kilomita chache kutoka mjini Tabora, ameliona lile tembe la pembe nne lenye vyumba vilivyouzunguka ua. Ndimo alimokaa David Livingstone mwaka 1872. Alifika pamoja na Stanley tarehe 18 Februari. Stanley akaondoka tarehe 14 Machi, na Livingstone, mgonjwa na mwenye umri wa karibu miaka 60, akabaki akingoja wapagazi kutoka pwani mpaka tarehe 25 Agosti. Alikuwa mzee mgeni, mbali na jamaa zake, naye alikuwa na chumba chake na ua wa kuota jua. Tembe halikujengwa kuwa nyumba ya sadaka. Lakini umbo lake latufundisha kwamba fundi wa bara alijua jambo lile lile alilolijua fundi wa Winchester: vyumba vikitazamana, watu hulindana.

4. HABARI YA MOSHI

Hapa naomba msomaji asimame kidogo, maana ndipo penye kiini cha somo.

Katika ukumbi wa kulia wa St Cross mahali pa moto pako katikati ya sakafu. Moto uliwashwa pale, na moshi ukapanda wenyewe mpaka kwenye paa na kutafuta pa kutokea. Ndivyo walivyoishi watu wengi wa Ulaya wakati ule, kama tunavyojua sisi katika nyumba ya msonge yenye mafiga katikati. Lakini safu ya nyumba za ndugu, iliyojengwa katika karne ya 15, ni tofauti. Mtu akiitazama kwa mbali, kitu cha kwanza anachoona ni dohani ndefu za mawe zilizosimama juu ya paa, moja baada ya nyingine. Mzee alikaa karibu na moto wake wakati wa baridi, na moshi ukaondoka.

Dohani hufanyaje kazi? Hewa ya moto ni nyepesi kuliko hewa ya baridi, kwa hiyo hupanda. Ukiijengea njia nyembamba iliyosimama wima, hupanda kwa nguvu na kuvuta moshi pamoja nayo, na hewa safi huingia chini ya moto kujaza nafasi yake. Kadiri njia ilivyo ndefu ndivyo inavyovuta zaidi. Ndiyo sababu kichwa cha dohani hapana budi kipite kilele cha paa. Kikiwa chini ya kilele, upepo ukigonga paa huurudisha moshi ndani.

Sasa tuseme wazi jambo tunalolijua sote. Mikoa yetu ya Tabora, Shinyanga na Mwanza imejulikana kwa miaka mingi kwa aibu ya kuua vikongwe, hasa wanawake, kwa kuwashuku uchawi. Na moja ya dalili zinazotajwa na wenye kushuku ni macho mekundu. Macho hayo yamekuwaje mekundu? Mama amepika miaka 50 katika chumba kisicho na dirisha. Mahali ambapo miti imekwisha, amepika kwa mashina ya pamba na kinyesi kikavu cha ng'ombe, vitu vyenye moshi mkali. Pengine amepata na ugonjwa wa vikope asitibiwe. Macho yale ni hati ya utumishi wake. Yamekuwa mekundu kwa kutupikia sisi. Nasi, au jirani zetu, tunayasoma kuwa hati ya mashtaka.

Hatusemi kwamba dohani itamaliza imani ya uchawi. Chanzo cha mauaji hayo ni zaidi ya macho: mna wivu, mna ugomvi wa mashamba na urithi, mna waganga wanaotaja majina. Lakini mzee anayepika pasipo moshi hutunza macho yake, na mzee ambaye mlango wake watazamana na milango ya wenzake si rahisi kuvamiwa usiku bila mtu kusikia. Mambo hayo mawili yamo katika ramani ya nyumba tuliyoieleza, nayo yanahitaji fundi tu, na nia ya kumlipa.

5. NYUMBA ILIYOKOSEWA

Isidhaniwe kwamba Uingereza ilifanya vema siku zote. Mwaka 1834 ilipitishwa sheria mpya ya maskini, na baada yake zikaenea nyumba za kazi. Mtu aliyekosa chakula aliambiwa aingie humo ndipo apate msaada. Nazo zilipangwa makusudi ziwe mahali pa kuogopwa. Mume aliwekwa upande mmoja, mke upande mwingine, na watoto mbali nao. Wote walivaa nguo za namna moja, wakalala katika mabweni marefu, wakapewa kazi nzito. Wazee wengi waliona afadhali njaa.

Linganisheni. St Cross na nyumba ya kazi zote zilitoa paa na chakula. Tofauti ilikuwa katika ramani. Ya kwanza ilimwuliza mzee, Utapenda kukaa wapi? Ya pili ilimwuliza, Mbona umekuwa maskini? Yeyote anayefikiri kujenga makao ya wazee hana budi kuchagua swali atakalolijenga.

6. WAKFU NA DAFTARI

Nyumba hubomoka isipotunzwa, na wazee hula kila siku. Ndiyo maana waanzilishi wa zamani hawakutoa jengo peke yake. Walitoa na mashamba ambayo mapato yake yangetunza nyumba daima. Kwa Kiswahili jambo hilo tunalo neno lake, wakfu, tulilolipata kwa ndugu zetu Waislamu. Huko pwani, mtu mwenye mali aliweza kuweka nyumba au shamba la minazi kuwa wakfu, lisiuzwe wala lisirithiwe, na faida yake iende msikitini, au kwa maskini, au kwa jamaa zake wasiojiweza, au kwa watu aliowaacha huru. Mjini Unguja nyumba nyingi ziliwekwa hivyo, na mwaka 1905 serikali ya huko iliweka sheria ya kuzisimamia. Kamisheni ya Wakfu iko Zanzibar hata sasa.

Lakini penye mali ya maskini hapakosi mkono mrefu. Mwaka 1808 usimamizi wa St Cross alipewa Francis North, ambaye baadaye aliitwa Lordi wa Guilford. Aliyempa ni baba yake mwenyewe, Askofu wa Winchester. Kwa miaka mingi mapato makubwa ya mashamba ya hospitali yaliingia mfukoni mwake, na wazee wakapata kidogo. Hatimaye shauri lilipelekwa mahakamani, mwaka 1853 hukumu ikatolewa dhidi yake, na mwaka 1855 akajiuzulu. Nyumba ile, iliyopita salama katika vita na mageuzi ya dini kwa miaka 700, ilikaribia kuharibiwa na mtu mmoja mwenye daftari lisilosomwa na wengine.

Fundisho lake ni rahisi. Msimamizi asichaguliwe kwa undugu. Hesabu isomwe mbele ya watu kila mwaka. Ndiyo maana wale wa Matendo walikuwa saba wala hawakuwa mmoja.

7. KWETU NZEGA

Serikali inayo makao ya wazee wasiojiweza, kama yale ya Ipuli, Tabora. Ni kazi njema. Lakini wazee wengi hawatafika huko, na wengi hawataki kuondoka penye makaburi ya watu wao. Hao wako katika vijiji vyetu, nasi twawajua.

Kwa hiyo sisemi tuanze na jengo kubwa lenye jiwe la msingi. Nasema tuanze na mambo manne, nayo yafuate mpango huu:

(a) Daftari. Kila mtaa uandike wazee wake wanaoishi peke yao, bila kujali dini wala ukoo.

(b) Jiko. Kila mzee aliyeandikwa ajengewe mahali pa kupikia penye njia ya moshi. Kama nyumba ni ya bati, dohani ya tofali za kuchoma ipite kilele cha paa. Kama nyumba ni ya nyasi, dohani isipitishwe katika paa, maana cheche zitaliunguza. Hapo afadhali kijiko cha nje chenye kuta fupi na paa lake la bati, kiwe mbali kidogo na nyumba. Dirisha nalo lisisahauliwe.

(c) Mlango. Mzee anayelazimika kujengewa upya ajengewe karibu na jirani mwema, mlango wake ukitazama mlango wa mwenzake. Nyumba tatu zikizunguka ua mmoja zatosha kuwa mwanzo.

(d) Wakfu. Parishi itenge ekari chache za mpunga au mahindi, mavuno yake yawe ya wazee tu, na hesabu yake isomwe kanisani baada ya mavuno.

Mambo hayo hayahitaji mfadhili wa mbali. Fundi tunao, udongo wa tofali tunao, na vijana wa kubeba maji tunao. Kinachohitajika ni kukubaliana kwamba yule bibi wa nyumba ya mwisho, mwenye macho mekundu, ambaye watoto wanakimbia wakimwona, ni wa nyumba yetu.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Je, katika mtaa wenu wako wazee wangapi wanaoishi peke yao? Watajeni kwa majina.

2. Eleza tofauti kati ya ramani ya St Cross na ile ya nyumba ya kazi. Makao ya wazee unayoyajua yanafanana na ipi?

3. Kwa nini Mbweni kila jamaa ilipewa nyumba na shamba, badala ya kulala katika bweni moja?

4. Mtu akisema mbele yako kwamba macho mekundu ni dalili ya uchawi, utamjibu nini, na utamjibu mbele ya nani?

5. Nani katika parishi yetu anafaa kutunza daftari la wakfu, na nani atalikagua?